Ukingo wa tairi la trekta ulioganda kwenye ringi: namna ya kuubandua bila moto

Swali: Nina trekta la Massey Ferguson 290 ninalolimia mashamba ya mpunga huku Mbarali. Tairi la nyuma, la ukubwa wa 18.4-30, limepata pancha na tyubu inatakiwa kubadilishwa, lakini ukingo wa tairi umeganda kwenye ringi na haubanduki. Fundi wetu wa pancha amepiga kwa nyundo kubwa na mitaimbo, tukamwaga dizeli na kuiacha usiku kucha, kisha tukapitisha lori juu ya ubavu wa tairi, na bado halikutikisika. Sasa wapo wanaoshauri tuipashe ringi moto kwa mtungi wa gesi, na wengine wanasema tulikate. Tairi lenyewe bado lina meno mazuri, na bei ya jipya siimudu msimu huu. Nifanye nini?

Jibu: Ndugu msomaji, kabla ya jambo jingine lolote naomba mtungi huo wa gesi urudishwe ulikotoka. Ringi yenye tairi haipashwi moto wala haichomelewi, hata kama upepo wote umetoka na valvu iko wazi. Mpira unaopata joto kali huvunjikavunjika na kutoa gesi zinazowaka, gesi hizo hujikusanya ndani ya tairi pamoja na hewa iliyobaki humo, na joto likifika kiwango chake zote hulipuka kwa mara moja. Tundu la valvu ni dogo mno kuupitisha msukumo wa namna hiyo, kwa hiyo tairi hupasuka au ringi huruka, na walio karibu huuawa au hubaki na ulemavu wa maisha. Mlipuko unaweza pia kutokea baada ya moto kuzimwa, wakati watu wanadhani kazi imekwisha, kwa sababu mpira wa ndani huendelea kuungua polepole bila kuonekana kwa nje. Tena joto hilo huunguza mpira unaozifunika waya za ukingo, kwa hiyo hata kama hakuna atakayeumia, tairi unalotaka kuliokoa litakuwa limekwisha.

Tuje sasa kwenye sababu ya tairi lako kugoma, kwa kuwa njia ya kulitoa inatokana na sababu hiyo. Ukingo wa tairi ni mviringo mgumu wenye mafungu ya waya za chuma ndani yake, na sehemu ya ringi unapokalia imeinama kidogo, kama nyuzi 5 hivi, ili tairi likijazwa upepo lipande ule mwinamo na kujibana hadi kwenye mdomo wa ringi. Kubana huko ndiko kunakolizuia tairi lisizunguke peke yake juu ya ringi linapovuta jembe. Katika gurudumu lililo kavu na safi, mkazo huo hushindwa kwa nguvu ya wastani. Lakini gurudumu la trekta la mpunga hushinda kwenye tope na maji wiki baada ya wiki, na maji hayo, mara nyingi yakiwa na mabaki ya mbolea, hupenya kati ya ukingo na mdomo wa ringi na kukaa humo bila kukauka. Chuma kikiliwa, kutu inayozaliwa huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya ile ya chuma kilicholiwa, na kwa kuwa hapo hapana nafasi ya kupanukia, kutu hiyo huukandamiza ukingo na kuingia kwenye vinyweleo vya mpira. Kwa ringi ya inchi 30, mzunguko wa ukingo mmoja ni karibu mita 2.4, na huenda wote umeshikwa kwa namna hiyo. Hakuna nyundo wala lori litakaloachanisha mita 2.4 za kutu kwa pigo moja. Kinachowezekana ni kuachanisha sehemu ndogo, kuilinda isirudi, na kuendelea na sehemu ya jirani.

Hapo ndipo unapoona kwa nini lori halikusaidia. Uzito wa lori ulikwenda kwenye ubavu wa tairi, na ubavu umetengenezwa ili ujikunje, kwa hiyo ulijikunja. Ringi nayo haikuwa imezuiwa na kitu chochote, ikashuka pamoja na tairi kwenye udongo. Nguvu nyingi ilitumika, ila sehemu ndogo sana ilifika pale kutu ilipo. Nyundo inayopigwa juu ya ubavu hudunda kwa sababu hiyohiyo. Njia yoyote utakayoichagua, ipime kwa maswali mawili: je, inausukuma ukingo pale pale unapogusana na mdomo wa ringi, na je, kuna kitu kinachoizuia ringi isifuate? Likikosekana mojawapo, utachosha watu bure.

Kuhusu dizeli, najua wapo mafundi wanaoiamini kwa kila kilichoganda, lakini kwenye tairi unalotaka kulirudisha kazini haifai. Mafuta ya petroli, dizeli, oili chakavu na grisi hunyonywa na mpira na kuuvimbisha, na mpira uliovimba hulegea na kupoteza uimara wake. Ubaya wa pili ni kwamba mafuta hayo hayakauki. Ukilirudisha tairi likiwa na utelezi huo, litazunguka juu ya ringi siku trekta litakapovuta mzigo mzito, na tyubu itakatika shingo ya valvu. Usiku mmoja wa dizeli haujaliua tairi lako, ila lisafishe vizuri kwa maji ya sabuni kabla ya kuendelea, na usiongeze nyingine.

Lipo jambo moja ambalo hukulitaja nami nalazimika kuliuliza: je, tairi hilo lina maji ndani? Katika mashamba mengi matairi ya nyuma hutiwa maji hadi kiasi cha robo tatu ili kuongeza uzito, na tairi la 18.4-30 likijazwa hivyo huchukua zaidi ya lita 200, yaani zaidi ya kilo 200 juu ya uzito wa gurudumu lenyewe. Tyubu yenye maji, hata yakiwa nusu, huusukuma ukingo kutoka ndani na kuufanya usishuke, na watu hudhani wanapigana na kutu kumbe wanapigana na maji. Liinue gurudumu kwa jeki, lizungushe hadi valvu iwe chini, ondoa kiini cha valvu, kisha fungua kwa spana ile sehemu ya juu ya valvu ambayo kwenye matrekta mengi hufunguka na kuacha tundu pana zaidi. Maji yakikoma kutiririka bado yatakuwepo yale yaliyo chini ya usawa wa valvu, nayo huondolewa kwa kuingiza mpira mwembamba wa plastiki na kuyafyonza, au kwa kulishusha trekta polepole ili uzito wake uyakamue. Ikiwa trekta lako lilinunuliwa likiwa limetumika Ulaya, angalia kama maji hayo yanaacha ukoko mweupe yakikauka. Kule huchanganya chumvi ya kalisi ili maji yasigande wakati wa baridi, na chumvi hiyo huila ringi vibaya. Usiyamwage shambani, na ringi ioshwe kwa maji mengi.

Hata kama hakukuwa na maji, hakikisha kwamba kiini cha valvu kimetoka na pitisha waya mwembamba kwenye tundu ili uone kwamba halikuzibwa na uchafu. Tairi linaloonekana limelala linaweza kuwa na upepo wa kutosha kumrushia mtu mtaimbo usoni.

Gurudumu litolewe kwenye trekta. Wapo wanaobandua tairi likiwa bado kwenye ekseli, na kwa ukingo ulioshikwa kidogo njia hiyo inafaa, lakini kwa hali unayoieleza unahitaji kufika pande zote mbili bila kuhangaika. Trekta lisimame mahali tambarare na pagumu, magurudumu mengine yawekewe kabari mbele na nyuma, na ekseli ikae juu ya magogo imara, si juu ya jeki peke yake. Gurudumu la ukubwa huo likianza kuanguka usijaribu kulizuia. Ondoka njiani uliache lianguke. Lilaze juu ya magogo manne mafupi yaliyopangwa chini ya mdomo wa ringi, si chini ya mpira, hivi kwamba uzito wote ukae kwenye chuma na tairi libaki likining’inia. Magogo hayo ndiyo yatakayoizuia ringi isishuke unapousukuma ukingo, na nadhani yangelikuwepo tangu mwanzo, hata nyundo ya fundi wako ingelifanya zaidi ya ilivyofanya.

Halafu safisha mfereji ulioko kati ya mdomo wa ringi na ukingo kwa brashi ya waya na kipande chembamba cha bati, ukitoa tope lililokauka na magamba ya kutu hadi uone mstari ambapo mpira unakutana na chuma. Kwangua sabuni ya mche, iyeyushe kwenye maji ya moto hadi iwe uji mzito, imimine kwenye mstari huo kuzunguka ringi yote, funika kwa magunia yaliyoloweshwa na uache hadi kesho yake. Usitarajie kwamba sabuni peke yake itaachanisha kitu; kazi yake ni kuwa tayari kuingia mara ufa unapotokea. Kazi yenyewe ifanye mchana jua likiwa kali, magunia yakiwa yameondolewa saa kadhaa kabla, kwa sababu mpira uliopata moto wa jua hukunjika kwa urahisi zaidi kuliko ule wa asubuhi ya baridi. Moto wa jua ndio pekee ninaouruhusu katika kazi hii.

Ufa wa kwanza ndio mgumu kuupata. Tafuta kabari butu ya chuma, yenye upana wa vidole vinne hivi na ncha iliyosagwa ikawa mviringo, au nyundo ya matairi yenye upande bapa kama ile wanayotumia mafundi wa malori. Usitumie tindo kali wala shoka, kwa kuwa kifaa chenye makali kitaukata mpira wa ukingo na kuzifikia waya. Weka ncha ya kabari kwenye mfereji, iinamishe kidogo ielekee chini ya mdomo wa ringi, na mtu wa pili aipige kwa mapigo mafupi yanayofuatana badala ya pigo moja kubwa. Wote wawili wavae miwani, kwa maana chuma kinachopigwa kwa chuma hurusha vipande. Anzia mahali ambapo kutu inaonekana kuwa chache, kwa sababu pale palipoliwa zaidi patafunguka kwa urahisi ukishafika ubavuni mwake. Ukiona vumbi jekundu linatoka na mpira umeshuka hata kwa unene wa kidole, acha kabari hiyo hapo hapo, mimina sabuni kwenye ufa, na chukua kabari ya pili uiweke umbali wa kiganja kutoka ya kwanza. Endelea hivyo ukienda kulia na kushoto, kabari moja ikishikilia wakati nyingine inafanya kazi.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni la mtu aliyepata ufa mahali pamoja kutaka kuushusha ukingo hapo hadi chini kabisa. Mviringo wa waya haunyooki wala haurefuki. Ukiusukuma sana upande mmoja, unainama na kujikaza zaidi upande wa pili, na ukiendelea kulazimisha waya hupinda au hukatika. Shusha kidogo kila mahali, zunguka, kisha rudia.

Kama kabari zimeshindwa kuupata ufa huo wa kwanza, tengeneza daraja la jeki, ambalo kwa maoni yangu ndilo jibu la tatizo lako. Unahitaji boriti ya chuma isiyopinda, kwa mfano kipande cha chaneli nene chenye urefu unaozidi kipenyo cha ringi kwa sentimeta 30 hivi, mnyororo mzima wa kuvutia mizigo, na jeki ya mafuta ya kusimama ya tani 5 hadi 10. Boriti ilazwe kukatiza juu ya gurudumu. Mwisho wake wa mbali ukae juu ya gogo lililosimamishwa kwenye mdomo wa ringi wa upande ule, na mwisho wa karibu upite juu ya ukingo unaotaka kuushusha. Mnyororo upitishwe kwenye uwazi uliopo kati ya ringi na sahani yake ya katikati, karibu iwezekanavyo na mahali pa kazi, uzungushwe juu ya boriti na kufungwa kwa boliti imara, ukiacha kimo kinachotosha jeki kusimama kati ya boriti na ukingo. Chini ya jeki weka kiatu, yaani kipande cha chuma cha pembe kilichosagwa makali yake, kinachokaa kwenye mfereji huku ubavu wake mmoja ukiegemea mdomo wa ringi ili kisiteleze kuelekea nje.

Ukianza kupampu, jeki inaisukuma boriti juu, boriti inauvuta mnyororo, mnyororo unaivuta ringi, na wakati huohuo kiatu kinausukuma ukingo chini. Nguvu yote inakuwa kati ya ringi na tairi, wala haitegemei uzito wa trekta au lori lolote. Pampu polepole ukiwa umesimama pembeni, kamwe usiinamie juu ya boriti, na tandika magunia mazito juu ya mnyororo ili ukikatika usiruke. Ikifika mahali jeki imekuwa nzito na ukingo bado haujasogea, usiongeze. Iache ikiwa imebana, mimina sabuni, gongagonga mdomo wa ringi kwa nyundo ndogo karibu na kiatu ili mtetemo uivunje kutu, kisha nendeni mkanywe chai. Mara nyingi mtarudi mkute sabuni imekwisha kuingia na jeki imelegea yenyewe. Ufa ukipatikana weka kabari, hamisha daraja kwa umbali wa kiganja na nusu, na urudie. Kwa kawaida robo ya kwanza ya mzunguko huchukua muda mrefu kuliko robo tatu zinazobaki.

Kipo kifaa kilichoundwa kwa kanuni hiihii, chenye makucha yanayoshika mdomo wa ringi na silinda ndogo ya hidroliki inayousukuma ukingo, kikiendeshwa kwa pampu ya mkono au ya mguu. Mko karibu na barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma, ambako malori hayakatiki, kwa hiyo ulizia kwa mafundi wa matairi ya malori Chimala, Igawa au Mbeya mjini kabla hujaanza kutafuta boriti. Ukipata cha kukodi, kitakupunguzia kazi kubwa. Wenye trekta la kijiko huweza pia kuukandamiza ukingo kwa pembe ya kijiko kupitia ubao mgumu, ilimradi ringi iwe juu ya magogo na dereva awe na mkono mwepesi, kwa sababu kijiko kikiteleza hupinda mdomo wa ringi kwa sekunde moja.

Ukingo wa juu ukishaachia kote, mimina sabuni nyingi ndani, geuza gurudumu, panga magogo upya chini ya mdomo wa ringi na ufanye vivyo hivyo upande wa pili. Upande wa ndani wa gurudumu ndio unaorushiwa tope na maji mengi zaidi, kwa hiyo usishangae ukiukuta mgumu kuliko wa kwanza.

Kulitoa tairi baada ya hapo ni kazi ambayo fundi wako anaijua, nami nitataja mambo mawili tu. Angalia mtaro wa katikati ya ringi umekaribia upande gani, kwa kuwa tairi hutolewa kupitia upande ulio karibu na mtaro huo. Na unapoinua ukingo kwa mitaimbo, hakikisha upande unaoelekeana nao umeshuka ndani ya mtaro, la sivyo utazivuta waya bila kupata nafasi yoyote. Inua kidogo kidogo, kwa hatua za upana wa kiganja.

Kuhusu ushauri wa kukata, sikubaliani nao kwa sasa, ila si ushauri wa kipuuzi. Ukiona kwamba ukingo umepinda kwa kona, waya zimetokeza au mpira wake umechanika hadi kwenye nyuzi, tairi hilo limekwisha hata meno yake yakiwa mazuri kiasi gani, kwa sababu ukingo wenye waya zilizokatika unaweza kupasuka unapojazwa upepo. Hapo kukata ni halali na kunaokoa ringi. Kata ubavu kwa kisu kikali kilicholoweshwa maji ya sabuni, ukizunguka vidole vichache kutoka kwenye mdomo wa ringi, uondoe sehemu kubwa ya tairi na ubaki na pete mbili za ukingo. Pete hizo zikate kwa msumeno wa chuma, au kwa grainda huku mtu mwingine akimwagia maji kidogo kidogo iwapo grainda hiyo si ya umeme wa waya, na uache nyuzi chache za mwisho uzimalizie kwa tindo ili diski isiichonge ringi. Katika hali hiyo hakuna tena nafasi iliyofungwa ya kukusanya gesi, lakini moshi wa mpira ni mbaya, kwa hiyo fanyeni kazi mahali pa wazi.

Tuchukulie tairi limetoka likiwa zima. Pitisha mkono wenye glavu ndani yake utafute mwiba au msumari ulioleta pancha, kisha geukia ringi, kwa maana ukiirudisha ilivyo utakutana na tatizo hilihili baada ya misimu michache. Kwangua kutu yote kwa brashi ya waya na msasa hadi chuma kionekane, na ukague hasa eneo la tundu la valvu na mfereji wa mdomo. Ukigonga kwa nyundo ndogo na kusikia sauti iliyokufa, au ukiona chuma kimekuwa chembamba kama bati, ringi hiyo haistahili kujazwa upepo tena. Ikiwa ni mashimo madogomadogo tu, paka rangi ya kuzuia kutu mara mbili, kisha rangi ya kawaida, na uache ikauke kabisa, isinate tena mkononi, kabla tairi halijarudi. Kingo zote za tundu la valvu zilainishwe kwa msasa ili zisiikate tyubu mpya. Ndani ya tairi nyunyiza unga wa talki, yaani poda ya kawaida, ili tyubu itanuke bila kushikwa.

Wakati wa kujaza upepo, paka kingo zote mbili maji mepesi ya sabuni, tia upepo hadi kingo zipande, utoe wote ili tyubu inyooke mikunjo, kisha ujaze upya. Tumia mpira mrefu wenye kibanio kinachojishikilia kwenye valvu, usimame mbele ya meno ya tairi na si ubavuni, na usizidishe paundi 35 kwa inchi ya mraba, sawa na bar 2.4 hivi, hata kama ukingo haujapanda vizuri. Ukifika hapo na bado umekwama, toa upepo, ongeza sabuni, sogeza tairi na uanze tena. Watu wengi walioumizwa na matairi ya matrekta waliumia kwa kuongeza upepo kidogo tu kuona kama utapanda. Na asije mtu na petroli ya kumwagia ndani na kuwasha ili lipande kwa mlipuko, hata akisema amewahi kuiona ikifanyika. Kingo zikishakaa sawa kotekote, punguza hadi kiwango cha kazi, ambacho kwa tairi la nyuma la aina yako huwa kati ya paundi 12 na 20 kutegemea mzigo na maandishi yaliyo kwenye tairi lenyewe.

Ukilirudisha gurudumu, kaza nati kwa kukatiza, yaani moja halafu inayoelekeana nayo, kisha zikaze tena baada ya saa chache za kwanza za kulima, kwa sababu rangi mpya kati ya ringi na sahani hukandamizwa na kuziacha zikilegea. Chora mstari mmoja wa chokaa au rangi unaoanzia kwenye ringi na kupanda kwenye ubavu wa tairi, na uutazame katika wiki ya kwanza ya kazi. Mstari ukikatika, vipande viwili vikawa havikutani, jua kwamba tairi linateleza juu ya ringi: ongeza upepo kidogo ndani ya kiwango chake, na kama linaendelea kusogea, lifungue uoshe mabaki ya dizeli kabla valvu haijakatika.